Fimbo ya Bendi Sokoni Rangwe

Nina diploma ya muziki ya Uingereza, niliyojilipia kwa kuosha vyombo. Kwa hiyo wanabendi wastaafu wa jeshi walipokutana Rangwe, niliomba kuwatangulia na fimbo ya kiongozi. Mzee Odera, baba wa mchumba wangu na mwanabendi mstaafu pia, aliwangoja wenzake jukwaani, nami nilitaka anione.

Sokoni watu walishangilia. Nikainua fimbo, nikaizungusha kuwasalimu. Muziki ukaanza kufifia nyuma yangu. Nilitamani kutazama, lakini kiongozi hageuki. Nikajiambia wazee wameishiwa pumzi, nikakaza mwendo.

Mbele ya jukwaa nilipiga saluti. "Mzee, nimekuletea bendi!"

"Bendi gani, kijana?" akauliza. "Nimekuona ukiwapa ishara ya kugeuka nyuma, wakageuka. Na binti yangu je, naye utampoteza sokoni?"