Chimba Kwanza, Kata Baadaye

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga, nikajua nimekuja kukata. Bwana shamba mkuu wa lile shamba la mbegu, nje kidogo ya Kasulu, akalichukua panga mkononi mwangu akanipa jembe. "Chimba kwanza," alisema. "Kata baadaye." Nilikuwa binti wa darasa la saba, nikaona huyu mzee ananichezea. Mtu anataka miti, mizizi ya nini?

Ninyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi hii, mjue kwamba muhogo haupandwi kwa punje. Mbegu yake ni pingili, yaani vipande vya shina. Pingili iwe na urefu wa shubiri, iwe na vifundo vitano au zaidi, na ukiikata itoe maziwa. Isiyotoa maziwa imekufa. Hayo nilikuwa nayajua kutoka kwa mama yangu kule Kitanga. Nilichokuwa sikijui ni ugonjwa wa michirizi kahawia.

Batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, unauona kwa mbali, jani linajikunja kama kiganja chenye baridi yabisi. Michirizi inajificha. Mti umesimama, majani mabichi, wapita njia wanausifu. Huko chini mzizi umeoza katikati, umekuwa kahawia, mgumu kama kizibo cha chupa. Na pingili ya mti huo inaubeba ugonjwa kila inakokwenda. Ndiyo maana bwana shamba alituchimbisha kila mti wa tano, tukakata mzizi vipande kama mkate na kuviangalia kwenye jua. Doa moja tu, mstari wote unachomwa moto.

Tulimwita Mzee Chimba. Yoramu, mnyapara wetu, alimtania siku moja, "Mzee, ukioa mke wa pili na huyo utamchimba kwanza?"

"Ningemchimba huyu wa kwanza," alijibu, "nisingekuwa hapa nagombana na wewe."

Chini yake nilifanya kazi miaka tisa, na kila nikirudi nyumbani nilimsimulia mama habari za mti wa tano. Alipostaafu, shamba likaingia kwenye mradi wa kugawa mbegu vijijini, na sisi tukahamishiwa Kibondo, kwenye shamba jipya la mteremkoni. Hapo ndipo nilipokutana na mratibu wa mradi. Jina lake Godlove, na ninaliandika ili lisomeke. Alikuja na kompyuta na mabuti yasiyo na tope. Alitukuta tumechimba, vipande vya mizizi vimejaa kwenye beseni.

"Ninyi mnatafuta mbegu au mnaandaa futari?"

"Tunakagua, bosi," Yoramu alisema.

"Kagueni kwa macho. Wageni wanakuja wiki ya tatu. Wanataka kuona mafungu ya pingili, hawataki kuona mashimo."

Nikasema, "Lakini bosi, huu ugonjwa kwa macho hauonekani."

"Mama, wewe kilimo umesomea wapi?"

"Sijasomea."

"Basi kata."

Nikakata. Lakini kabla ya kukata nilichimba kwa kuiba, kule chini karibu na bonde. Mzizi wa kwanza kahawia. Wa pili kahawia. Nikamwita Yoramu. Aliangalia, akairudisha shimoni, akafukia kwa mguu. "Una watoto," aliniambia. "Na mimi ninao."

Wageni walikuja. Mmoja alikuwa mama wa nywele nyeupe, kutoka Ulaya. Alisema, mratibu akitafsiri, kwamba watu wengi duniani wanalala na njaa, na dawa yao imo mikononi mwa wakulima kama mimi. Akanishika mikono yangu akaiangalia. Kisha akauliza, na huko chini mizizi ikoje? Mratibu angeweza kujibu mwenyewe. Alinigeukia akasema, "Mwambie."

Nikasema, "Iko vizuri."

Nimelisema mara moja tu neno lile, na tangu siku hiyo halijanitoka kinywani.

Lori la Fuso lilipakia mafungu, likaenda Makere, likaenda Kitanga. Mimi nilipanda nalo kama mgawaji. Kijijini kwetu mwenyekiti, Anzelimi, alikuwa ametoa amri: asiyeng'oa muhogo wa zamani hapewi mpya. Nani alimwambia hivyo, sijui. Najua alitaka kijiji kionekane cha mfano. Mama yangu alikuwa na muhogo mchungu, ule ambao wazee wake walivuka nao kutoka Burundi, wameufunga pamoja na nguo. Unachelewa kukomaa, lakini haukuwahi kumtupa.

Mama alikuja mwenyewe mpaka kwenye lori. Hakuuliza mradi ni wa nani.

"Hizi umekata wewe?"

"Nimekata mimi, mama."

"Basi."

Jioni ile ile alianza kung'oa. Nilisimama nikamwangalia. Nilijiambia ubovu ulikuwa wa bondeni tu, labda haya mafungu yametoka juu. Labda. Nikarudi Kibondo na lori.

Sasa sikilizeni kosa letu sisi watu wa huku. Wenzetu wa mahindi wanavuna siku moja wakajua wanacho au hawanacho. Sisi ghala letu ni ardhi. Muhogo tunauacha chini, tunachimba wa kula leo, wa kesho unabaki. Kwa hiyo mwaka mzima, ule mpya ukingoja kukomaa, kijiji kilitembea kati ya miti mirefu kuliko mtu, kikijua kimeshiba. Maharage yalipokataa kwa jua, mama akachukua jembe. Shina la kwanza, mzizi kahawia. La pili. Alichimba mstari wote, kisha akakaa chini katikati ya yale majani mazuri.

Njaa kwa Kiha ni inzara, na ile ilikuwa na sura yangu. Watu walikata pembeni vipande vyeupe vya mizizi, wakavianika, wakasaga vichungu hivyo hivyo. Shangazi Leokadia, jirani wa mama, alivimba miguu akafa. Zahanati waliandika homa. Mimi naandika njaa. Nilimpelekea mama unga kila nilipopata lifti. Aliupokea, akaupika.

Nilikwenda kwa mratibu na mzizi kwenye mfuko. Alisema taarifa ya mradi imeshapelekwa na imepongezwa. Akahamishwa, akafanyiwa sherehe, mbuzi wawili. Anzelimi alichaguliwa tena. Yoramu aliacha kazi, siku hizi ana bodaboda Kasulu mjini, tukikutana anaangalia tairi.

Mgongo ulinikatalia nikaacha kazi kabla ya uzee. Nilimtafuta Mzee Chimba nyumbani kwake. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alinipa pingili ishirini, kila moja na kipande cha mzizi wake kimefungwa kando nikione. Kwa hizo nimepata shamba langu hapa Makere. Redioni nasikia kilimo kitamaliza njaa ya dunia. Huenda. Lakini mtakaofanya kazi hii, msiniombe niseme maneno matamu. Silali vizuri. Nachimba mti niliouchimba jana, nafukia, kesho nachimba jirani yake. Nimeua miti mizima kwa kuipekua.

Msimu huu mama alikuja kutoka Kitanga kuomba mbegu, mara ya kwanza tangu lile lori. Nilishakata mafungu mawili, nimeyafunga kamba, nimeyasimamisha kivulini. Nikamkaribisha.

"Chukua, mama. Hizi nimezikata kwa mkono wangu."

Hakuzigusa. Alivua viatu, akaingia shambani polepole, akapita mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano akasimama.

"Lete jembe," alisema.