Herufi Zinazovaa Viatu

Mtaani walimwita Mama Viatu, na kila mwezi lazima atokee mtu wa kumletea soli iliyobanduka. "Mimi si fundi viatu," shangazi yangu alikuwa akisema, "mimi ni mwandika vibao. Wanaovaa viatu ni herufi zangu." Na kweli zilivaa. Kila herufi ya mkono wake ilikuwa na vijiguu chini na vijikofia juu, na mguu wa R uliishia kwa jani dogo lililojikunja. Duka la dawa, kinyozi, fundi saa, shule ya chekechea, wote aliwaandikia yeye, juu ya ngazi, kopo la rangi likining'inia kwenye ndoano.

Alinilea kwa brashi yake. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Shangazi hakusubiri kikao cha ukoo. Alikuja, akafunga nguo zangu, akasema twende. Nilikula, nikavaa na nikasoma kwa vibao vya watu. Sasa sikilizeni shukrani yangu: nilipokuwa mkubwa nikafungua duka la kuchapa mabango ya plastiki! Kila bango nililotundika, kibao chake kimoja kilishushwa. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejitetea, maana mdomo ninao, lakini kunyamaza kwake kulinichoma.

Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Akawa anashinda dukani kwangu, mkono mapajani, akiutazama kama mgeni aliyegoma kuondoka. "Sitaandika tena," alisema. Akaacha mazoezi, na uji akawa anauonja vijiko viwili tu. Daktari alituambia mwili una nafuu, moyo ndio umesusa. Nikajua asipopata herufi zake, tutampoteza.

Nikapiga moyo konde. Nilizunguka mitaa yote na kamera, nikipanda ngazi hadi usawa wa vibao vilivyobaki, nikivipiga picha. Kwa kinyozi nikapata K na Z, chekechea ikanipa B nzuri ajabu. Q sikuiona popote, hakuna duka lililowahi kuihitaji. Nikawa naziingiza kwenye kompyuta mojamoja ziwe fonti, ili mtu akibonyeza A itoke A ya shangazi. Wiki tisa! Mume wangu akaniuliza kama nimeolewa na yeye au na kompyuta.

Lakini kuna jambo lilinikera. Kila herufi ilikuwa na kichwa kikubwa kuliko miguu. Tumbo la juu la B lilizidi la chini, na vijikofia vilikuwa vinene kuliko vijiguu. Maskini, nikajisemea, alikuwa anachoka kule juu ya ngazi. Nikamsahihishia. Nikazilinganisha zote, nikachapa karatasi moja kubwa, nikampelekea kifua mbele.

Akaivuta karibu kwa mkono wa kushoto. "Hizi za nani?"

"Zako, Shangazi."

"Zangu?" Akaisukuma kando. "Hata wewe umenifuta."

Jamani! Nilichemka. Wiki tisa, macho yamevimba, halafu niambiwe hivyo? Nikamjibu vibaya, nakiri. Nikamwambia herufi zake zilikuwa na vichwa kama viluwiluwi, ashukuru nimezitengeneza. Wateja wawili wakajifanya wanasoma simu zao. Nilidhani atalia. Akacheka! Kicheko cha upande mmoja wa mdomo, cha kwanza tangu augue.

"Wewe mtoto, ada yangu ilipotea bure. Kibao kinakaa wapi?"

"Juu."

"Na anayesoma?"

"Chini."

"Haya. Ukitazama juu, kichwa cha herufi ndicho kiko mbali nawe, kwa hiyo kinapungua. Mimi nakiongezea, ili kikikufikia kiwe sawa. Kachape zile zangu, hizo mbovu, uzitundike."

Nikazichapa jinsi zilivyokuwa. Nikapanda ngazi, nikazitundika juu ya mlango, nikashuka barabarani, nikatazama. Kiluwiluwi hata mmoja sikumwona. Zilisimama zimenyooka, zimetulia. Miaka yote hiyo nimepita chini ya herufi hizo nikidhani ni mazoea tu ya mkono, kumbe kila alipopanda ngazi alikuwa anatufikiria sisi tulio chini. Nikarudi ndani, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Nikamshukuru pia, kwa vibao, kwa shule, kwa ile siku aliyofunga nguo zangu. Sijui kwa nini nilikuwa sijawahi kumwambia. Akasema, "Inuka, unachafua sketi."

Vichwa vyote nikavirudisha. Siku fonti ilipokamilika nikamsogezea kiti mbele ya kompyuta.

"Mkono wangu je?"

"Wa kushoto una vidole vitano, Shangazi. Kimoja kinatosha."

Akainua kidole, akakizungusha juu ya vitufe. "Nani alizipanga herufi hivi? Alikuwa amelewa?" Akatafuta, akabonyeza. N ikatokea kwenye skrini, kubwa, na vijiguu vyake. Akashusha pumzi. Akabonyeza I. Akakosea, nikamfutia. P. Kisha O.

NIPO.

Nikaanza kulia pale pale, mbele ya wateja, na sikuona haya. Shangazi akanisukuma kwa kiwiko, macho kwenye skrini.

"Sogea," akasema, "sijamaliza."