Sikio la Fundi wa Kompyuta

Mama anayetengeneza kompyuta jirani na duka langu, hapa Bunia, hashiki bisibisi kabla hajasikiliza. Huniomba nizime jenereta, huinama mpaka sikio liguse chombo, na vidole vyake hutulia juu ya meza. Juzi Angèle, mjane kutoka Kasenyi, alimletea diski ya nje iliyokuwa ikigonga, ko, ko, ko. Video za marehemu mumewe zilikuwa humo tu.

"Bote banasema imekufa," Angèle alisema.

Fundi alisikiliza, akaichomoa, akaichomeka, akasikiliza tena. "Haiyakufa, yaya, dada yangu. Sikia: inaanza kuzunguka, inachoka, inaanza tena. Umeme haiifikie muzuri."

Akabadilisha waya. Diski ikavuma taratibu, bila kugonga. Hakushangilia, alinakili kwanza kila kitu kwenye diski mpya, kiganja chake kikiwa juu ya ile ya zamani kama anayepima homa ya mtoto. Ndipo akafungua video moja. Mwanamume akacheka, akamwita Angèle kwa jina. Fundi aliinuka, akatoka, akasimama mlangoni akiwaomba wateja wangoje.