Chai ya Wakwe Iliyonuka Dizeli

Jamani, chekeni tu, maana hadi leo nikikutana na wakwe zangu gulioni Issenye natamani ardhi inimeze.

Kiwanja changu zamani kilikuwa na kituo cha mafuta, kikafungwa, pampu zikang'olewa, ila matangi yakabaki chini ya ardhi (aliyeniuzia aliapa kwamba ameyatoa). Nikachimba kisima. Fundi alipoyafikia maji akapanda juu haraka.

"Mama Bhoke, haya yananuka dizeli. Waite watu wa maji wayapime."

Mimi nikaona wakipima watanifungia, na kisima nilishakitangaza kanisa zima, basi nikamwambia ajengee tu, harufu itaisha tukizidi kuchota. Na kweli kiangazi kile ikapungua, nikazoea, nikawa namjazia jirani yangu Mama Robi ndoo kila asubuhi, kwa maringo.

Wakwe wakaja kumposa binti yangu Bhoke, siku mbili baada ya mvua kubwa. Mvua ikawa imeirudisha harufu yote, nami nikajisingizia mafua (sikutaka kunusa, basi). Nikamimina chai. Mzee Marwa, baba wa kijana, akapiga funda moja, akakitazama kikombe.

"Mkwe, haya majani ni ya wapi?"

"Ya Kenya hayo, ndugu zangu wameyapitisha mpakani Sirari," nikajibu bila kupepesa macho.

Na yule mzee, kwa heshima zake, akaendelea kunywa! Wenzake wakamfuata, akina mama wanafumba macho wanameza, mimi naona mafuta yanameta rangi rangi juu ya kila kikombe kama dimbwi la gereji, mpaka shangazi wa kijana akakimbia kutapika migombani. Papo hapo Mama Robi akaingia na ndoo yake, hana habari ya wageni.

"Mama Bhoke, maji yako yananuka mafuta, na mwanangu anaharisha tangu juzi. Hivi wewe mwenyewe unayanywa?"

Bhoke akaniangalia. Nikajua nikiongeza uongo mmoja tu, mtoto wa jirani ataendelea kuyanywa, basi nikasimama na birika mkononi nikasema yote, kuanzia fundi, huku nalia mbele ya wanaume wa watu.

Mzee Marwa akakiweka kikombe chini taratibu. "Mkwe, keti. Binti bado tunamtaka. Kwanza huyo mtoto apelekwe zahanati," na akamtuma kijana wake na pikipiki.

Mtoto akapona, namshukuru Mungu. Watu wa wilaya wakaja, wakapima, wakafunga kisima, wakafukua matangi mawili yaliyotoboka kwa kutu, na udongo mweusi uliokuwa chini yake ukabebwa na malori. Sasa napanga foleni bombani kama wengine. Mama Robi alikaa miezi ndipo akaanza tena kunisalimia vizuri, na simlaumu.

Nimeapa: sitampa mtu maji ambayo mimi mwenyewe naogopa kuuliza yana nini.