Mwenzangu wa Zamu ya Usiku

Ukitaka kubisha, bisha. Mimi nilikuwepo, na sikuwa nimelala. Mimi mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata chapati naipima kwa kiganja kabla ya kulipa.

Nashona katika kiwanda kimoja hapa Kasese, mashati ya kupelekwa Kongo. Kazi yangu mikono ya kushoto tu. Mashine tulikuwa tunapokezana na Biira: mimi mchana, yeye usiku. Miaka miwili, na hatujawahi kuonana! Akiingia, mimi nimeshatoka. Nilimjua kwa kiti tu. Alikishusha sana, na kila asubuhi nilikipandisha nikimtukana kidogo.

Biira akafa kwa malaria. Jumamosi wenzangu wote wakaenda kumzika kwao Munkunyu. Mimi nikabaki. Lori la kwenda mpakani Mpondwe lilikuwa linaondoka jioni, na msimamizi alisema mikono isipokamilika, Jumatatu nisirudi. Tena nikajiambia, nitamliliaje mtu nisiyeijua sura yake?

Saa nane mchana akaingia mwanamke mfupi, viatu vimejaa udongo mbichi. Akakaa mashine ya jirani, akavuta fungu langu la mikono, akaanza kushona. Haraka ajabu.

"Dada, we hukuenda Munkunyu?" akaniuliza.

"Nani atamaliza hii mikono, wewe?"

"Natoka huko. Watu iko mingi. Wewe tu ndiyo hukuonekana."

Nikacheka. Ningefanya nini? Sasa sikiliza: kwetu kila fungu lina tiketi. Ukilishona unaikata, unaibandika kwenye karatasi yako, ndiyo mshahara wako. Yeye hakukata hata moja.

"Kata tiketi zako, dada," nikamwambia.

"Kata wewe. Mimi nitapeleka wapi?"

Niamini, vidole vyangu vilikata, nikazibandika kwenye karatasi yangu. Nikainama kufunga fungu la mwisho. Kuinuka, hakuna mtu. Mlango ulikuwa bado na komeo, kwa ndani, kama nilivyoufunga asubuhi.

Wenzangu waliporudi walinionyesha karatasi ya mazishi yenye picha ya Biira. Alikuwa yeye.

Wiki iliyofuata nilikwenda Munkunyu peke yangu. Mama yake Biira alinipokea mlangoni.

"Wewe ndiyo wa mchana? Alisema siku moja atawahi kufika, akuone."

Siku hizi usiku anashona msichana kutoka Kitswamba. Kazi ikiisha sitoki. Namngoja mpaka aingie, tusalimiane, nimwone uso, ndipo niende nyumbani.

Nawe, kama kuna mtu mnayepokezana naye kazi bila kuonana, mngoje leo. Usisubiri aje mwenyewe.