Mabaka kwenye Sakafu ya Mama

Fundi huyu wa sakafu, ndugu zake walimwita Mdadisi, na hawakumsingizia. Ukimpa chai, atataka kujua kwa nini kijiko kimepata moto kabla ya mkono wa kikombe. Wateja walimkimbia kwa maswali yake, kisha wakamrudia kwa kazi yake.

Sasa mama yake macho yalikuwa yamekwisha. Giza na mwanga alivitofautisha, mengine yote ukungu mtupu. Sakafu ya sebule yake ilikuwa ya mbao za msonobari, nyeupe-nyeupe, na kuta nyeupe vilevile, basi hakujua chumba kinaishia wapi. Alishajigonga, alishaanguka. Dada mkubwa akasema imetosha, Jumapili anakuja kumchukua akakae kwake. Mama hakutaka hata kusikia. Mdadisi akaomba apewe nafasi kwanza: ataipaka sakafu rangi ya kahawa iliyokolea, ili mama auone ukuta unapoanzia.

Akaanza na kona. Loo, yakatoka mabaka matupu! Hapa nyeusi tii, pale hudhurungi, na vile vifundo vya mbao vimegoma kabisa kushika rangi. Fundi mwingine angesema bora liende, na yeye mwenyewe alikaribia kusema. Lakini mama alipofika pale alisimama, akainua mguu juu kama mtu anayevuka mtaro.

"Vipi, mama?"

"Si kuna shimo hapa? Mmeng'oa mbao?"

Kumbe kwa macho yale baka jeusi ni shimo. Rangi isipokuwa sawasawa, ni heri asipake kabisa.

Akakusanya vipande vya mbao zilezile, akaketi navyo uani. Hakupaka kitu. Alidondosha maji tu, tone moja moja, akainama kutazama. Penye mbao laini, tone lilinywewa papo hapo. Penye mistari ile migumu lilikaa juu, linamkodolea macho.

"Ala," akakiambia kipande, "kumbe huku una kiu, huku umeshiba."

Basi dawa ni kuikata kiu kwanza. Akachukua vanishi, akaizimua kwa thina hadi ikawa nyepesi, akapaka kipande, akangoja kikauke. Rangi ikateleza, haikushika: alikuwa amekinywesha vanishi mno. Kwa kipande cha pili vanishi akaifanya nyepesi zaidi, kisha akakipitishia msasa laini kidogo tu. Na rangi yenyewe akabadilisha, akachukua ile nzito kama uji, inayokaa juu badala ya kuzama. Akapaka, akafuta ziada kwa kitambaa kufuata urefu wa mbao. Ikatoka rangi moja, huku na huku. Alicheka peke yake uani, jirani akachungulia kuona kuna nini.

Akaikwangua ile kona hadi mbao ikarudi ilivyokuwa, akapiga sakafu nzima msasa, akafanya vilevile ukuta hadi ukuta.

Jumapili dada akafika, mkoba mtupu mkononi, wa kutilia nguo za mama. Akasimama mlangoni na mdogo wake. Mama akaingia sebuleni bila kushikwa. Mguu haukuinuka popote. Alitembea hadi ng'ambo, akasimama rangi ya sakafu ilipokwisha, akanyoosha mkono, akafungua dirisha.

Mdadisi akamgeukia dada yake, uso umejaa ushindi, akamkuta analia.

"Hujafurahi?"

"Nimefurahi, mdogo wangu. Lakini kitanda nilishamtandikia. Tangu watoto waondoke, jioni naongea na redio. Nilijua sasa nimepata mtu."

Alikuwa ameyauliza maji na mbao, dada yake hakumuuliza.

Mama, pale dirishani, macho hayakuwepo lakini masikio yalikuwa mazima.

"Usikitandue," alisema. "Nitakuja nilale, na kwangu nitarudi. Ila mwambie kwanza huyu mdogo wako aje aitazame sakafu yako."