Kijiko Kimoja Mara Tatu

Nanjala alikuwa na miaka thelathini na minne, karani wa taipu katika kampuni ya dawa pale Parklands, alipojiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya uandishi na mawasiliano mwaka wa 1991. Ikifika saa kumi na moja jioni anafunika mashine, anashuka mjini kwa miguu, anaingia darasani viatu vimejaa vumbi na yeye mwenyewe amejaa hamu.

Insha yake ya kwanza ilikuwa kurasa kumi na mbili za maneno mazito. Mhadhiri wake, Dakta Nzula, aliirudisha na swali moja tu kwa wino mwekundu: "Nani atasoma hii?" Nanjala alinuna wiki nzima.

Kazi ya pili ilikuwa kuchukua maandishi ya ofisini, kumpelekea anayeyatumia, na kusikiliza. Akachukua karatasi ya maelezo ya dawa yao ya kikohozi, akampelekea jirani yake wa Kabiria, Mzee Joash, aliyekohoa mwezi mzima.

"Hii naijua," mzee alisema. "Nilikunywa siku moja, nikaacha."

"Mbona ukaacha, mzee?"

"Si imeandikwa kijiko kimoja mara tatu? Nikapiga cha kwanza, cha pili, cha tatu, hapo hapo. Nikafunga chupa, nikangoja kupona."

Nanjala alitaka kucheka, kisha akaisoma karatasi tena. Karatasi ile aliipiga taipu yeye mwenyewe, na hakuwahi kuona kwamba "kwa siku" haipo.

Kesho yake alimweleza bosi wake, Bwana Kailash, aliyeitunga karatasi ile.

"Kila mtu anajua ni kwa siku," bosi alisema.

"Mzee Joash hajui, bosi. Na ndiye anayekohoa."

Bwana Kailash alivaa miwani, akaisoma polepole, akaisoma tena. "Basi andika wewe," akasema. "Na umwonyeshe huyo mzee kabla hujanionyesha mimi."

Akaandika: asubuhi kijiko kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja, kwa siku tano. Mzee Joash akasoma, akauliza kama ni kijiko cha chai au cha mchuzi. Nanjala akarudi kuandika upya.

Alihitimu mwaka wa 1993, mama yake akatoka Bungoma kuja kumwona na joho. Kampuni ikamkabidhi maelezo ya dawa zake zote. Alianza na yale ya dawa ya minyoo, ambayo yalikuwa mabaya zaidi.